Burashi Kumi na Mbili

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, baada ya Misa ya asubuhi, sisi vijana wa chama chetu tunashuka kwenda kwenye kambi ya wakimbizi wa ndani iliyo pembezoni mwa mji wa Bunia. Tunachukua mabeseni mawili, termosi nne za maji ya moto, sabuni, taulo na nyembe. Huko wanatungoja wazee kumi na wawili, wengi wao wagane, ambao hawana mtu wa kuwanyoa wala fedha ya kumlipa kinyozi. Tuliuanza utume huu katika Kwaresima, tukidhani kwamba ungekwisha kwa Pasaka. Haukwisha, kwa sababu ndevu hazijui Kwaresima wala Pasaka.

Karibu wote wametoka Djugu. Tangu Desemba 2017 vijiji vya huko vimechomwa, vikajengwa upya, vikachomwa tena, na wao wamefika Bunia na kile kilichoweza kubebwa na mikono iliyokuwa inashika pia mikono ya wajukuu. Hatutasimulia hapa waliyoyaona. Wanajua wenyewe ni nani wa kumsimulia, na lini.

Tangu siku ya kwanza tulikuwa na sheria moja ambayo hatukuivunja kamwe: wembe mpya kwa kila mzee. Mama mmoja wa parokia yetu, ambaye ni muuguzi, alitufundisha kwamba wembe mmoja ukipita kwenye mashavu ya watu wawili waweza kubeba virusi vya Ukimwi, au vya homa ya ini aina ya B, kutoka damu ya mmoja hadi damu ya mwingine. Tuliishika sheria hiyo, na tukiri pia kwamba tulijivunia kuishika. Tulifungua karatasi ya kila wembe mbele ya macho ya mzee mwenyewe ili aone.

Kuhusu burashi hatukuwa na sheria yoyote. Tulikuwa na moja tu, ya zamani, tuliyopewa na familia moja baada ya babu yao kufariki. Mpini wake wa mti ulikuwa umepasuka, na nywele zake zilikuwa zimepungua kama za mwenye nayo katika miaka yake ya mwisho. Tuliichovya katika maji ya moto, tukaizungusha juu ya sabuni, tukapaka povu uso wa kwanza. Tukaisuuza upesi katika beseni, tukapaka uso wa pili. Na hivyo hadi wa kumi na mbili. Mzee wa kumi na mbili alipakwa povu la namna gani, hatukujiuliza.

Mwezi wa tano tulipofika, wazee watatu walikuwa na vipele vyenye usaha kwenye taya na shingo. Kwanza tulijipa moyo. Sisi watu wenye ndevu za kujikunja tunajua kwamba unywele ukikatwa karibu mno na ngozi hurudi ndani kama ndoana na kufanya uvimbe; ndiyo maana kinyozi mwenye akili hunyoa kufuata mwelekeo wa ndevu, wala halazimishi shavu kung'aa. Tukasema, labda tumenyoa kwa kukaza mno. Muuguzi wetu alizitazama shingo zile, kisha akaomba kuiona burashi. Aliifinya chini, mahali nywele zinapoingia kwenye mpini, na kidole chake kikatoka na utando wa kijivu wenye harufu. Hakusema neno. Aliiweka juu ya taulo, tukaitazama sote kwa muda mrefu kuliko tulivyopenda.

Ndivyo tulivyoanza kutafuta burashi iliyo bora zaidi.

Vijana wengi wanaosoma ukurasa huu hunyolewa kwa mashine ya umeme, na huenda wakashangaa kwamba kikundi kizima kilikaa vikao vitatu kwa ajili ya kitu kinachotoshea kiganjani. Lakini burashi ina kazi ya kweli. Huchanganya maji ya moto, sabuni na hewa mpaka lipatikane povu zito ambalo haliteremki. Hulilainisha bua la unywele, huliinua kutoka kwenye ngozi, na huondoa ngozi iliyokufa inayoziba njia ya wembe. Mkono mtupu hauwezi kazi hiyo vizuri. Kwa mzee mwenye ngozi iliyokunjamana na ndevu nyeupe ngumu, povu zuri ndilo linalotenganisha kunyolewa na kukwanguliwa.

Mitaani kwetu tunasema burosi. Kifaransa cha shuleni kinaiita blaireau, na hilo ni jina la mnyama pia: mnyama wa Ulaya na Asia, wa jamaa moja na nyegere wetu, ambaye manyoya yake yamesifiwa na vinyozi tangu zamani kwa sababu ni laini na hushika maji mengi. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona. Baada yake huja singa za nguruwe, ambazo ni ngumu zikiwa mpya na hulainika kadiri zinavyotumiwa, ncha zake zikipasuka. Zipo burashi za nywele za farasi. Na zipo zile za nyuzi za kiwandani, ambazo hazishiki maji kama manyoya, lakini hukauka upesi na hazihitaji mnyama yeyote.

Mfanyabiashara mmoja wa parokia, ambaye huleta bidhaa kutoka Kampala, alituonyesha katika simu yake picha ya burashi ya manyoya ya blaireau yenye mpini mweusi na kishikilio cha chuma kinachong'aa. Bei yake ilikuwa dola arobaini. Katika sanduku letu, baada ya mchango wote wa Kwaresima, zilikuwamo dola hamsini na nane.

Tuliipenda. Lazima tuseme ukweli: tuliipenda kwa ajili yetu. Mwaka ule chama kilikuwa kikijiandaa kwa sherehe, kila kikundi kingeonyesha kazi zake kwenye meza mbele ya kanisa, na tayari tuliiona burashi ile imesimama kwenye kishikilio chake katikati ya kitambaa cheupe. Mtunza sanduku wetu alipinga. Alisema dola arobaini ni unga wa muhogo wa siku nyingi kwa watu wenye njaa. Mwingine akamjibu kwa kumkumbusha Bethania, na yule mwanamke aliyemwaga marhamu ya thamani, na nani aliyelalamika juu ya gharama. Mtunza sanduku akanyamaza, kwa kuwa hakuna mtu anayependa kuitwa Yuda mbele ya vijana wenzake. Hata hivyo hakuwa amekosea. Ni rahisi kuitaja Bethania pale ambapo marhamu yatabaki mezani kwako.

Katika kikao cha pili muuguzi alituletea habari ambayo hatukuitarajia. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alisema, kuanzia mwaka 1915, watu katika Uingereza na Marekani, askari na raia, walianza kuugua kimeta usoni na shingoni, na baadhi yao wakafa. Waliochunguza waligundua kwamba chanzo kilikuwa burashi mpya za kunyolea. Vita vilikuwa vimevuruga biashara ya manyoya, na watengenezaji wakatumia nywele za farasi za bei nafuu kutoka nchi za mbali, wakazipamba zifanane na manyoya ya blaireau, bila kuziua vijidudu ipasavyo. Mkato mdogo wa wembe ulitosha kuifungulia kimeta mlango.

Kimeta si hadithi ya mbali kwetu. Wafugaji wa Ituri wanalijua jina hilo, na Aprili 2025 tulisikia sote jinsi viboko wapatao hamsini walivyokutwa wamekufa katika Hifadhi ya Virunga, kuelekea Ziwa Edouard, na vipimo vikaonyesha kuwa ni ugonjwa huohuo. Muuguzi hakutuambia hayo ili tuogope burashi za leo. Alitaka tuitazame tena picha ile ya kwenye simu na kujiuliza kama mmoja wetu angeweza kutofautisha manyoya ya kweli na ya kuigiza. Hakuna. Kisha akasema jambo ambalo lilikuwa zito zaidi: hata kama ni ya kweli, ni moja. Burashi moja kwa nyuso kumi na mbili, iwe ya dola arobaini au ya dola moja, kwa haraka yetu ya Jumamosi, itabeba kilicho kwenye shavu hili hadi shavu lile.

Jambo jingine lilitufikia kupitia mtu tuliyemsahau. Mmoja wa wale wazee ni Mwislamu. Hupunguza ndevu zake tu, lakini tunamnyoa kichwa, naye hutuombea kwa Mungu kila mara kwa maneno marefu ya adabu. Mmoja wetu aliporipoti kwamba sokoni zinapatikana burashi nzuri za singa za nguruwe kwa bei ya kati, tulikuwa karibu kukubali. Ndipo dada mdogo kuliko wote katika kikundi akauliza, kwa sauti ya chini, kama kuna aliyefikiri juu ya kichwa cha yule mzee. Hatukuwa tumefikiri. Angeweza kupakwa nywele za nguruwe kila mwezi, akatushukuru, bila kujua. Tukajiuliza kama burashi ya zamani ilikuwa ya mnyama gani. Mpaka leo hatuna jibu, na tulikwenda kumwambia hivyo. Alikaa kimya, kisha akasema kwamba Mungu hamhesabii mtu asilolijua, ila kuanzia sasa tungekuwa tunalijua.

Lakini aliyebadilisha mambo yote ni mzee mwingine, aliyekuwa katekista katika kijiji chake kwa miaka zaidi ya thelathini. Jumamosi hiyo tulikwenda bila burashi yoyote, tukapaka sabuni kwa mikono, tukawaeleza wazee kwamba tunatafuta burashi mpya iliyo bora, na kwamba wavumilie. Yule katekista alikuwa ameketi kwenye kidumu cha maji kilichogeuzwa, taulo shingoni, kidevu juu, macho yamefumbwa, kama anavyokaa daima. Akasema bila kufumbua macho:

“Wana wangu, mnaninyoa kama maiti.”

Mkono wa kijana aliyekuwa akimnyoa ulisimama. Tulidhani amekatwa. Mzee akaendelea, kwa upole, kama anayefafanua swali la katekisimu. Alisema kwamba anayenyolewa na wengine bila kuulizwa, bila kujiona, akigeuzwa shingo huku na huku, ni marehemu anayeandaliwa kuzikwa. Yeye bado hajafa. Baba yake alikuwa karani katika migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto, na kila Jumapili, kabla ya Misa, alitundika kioo kwenye mti wa mwembe, akachanganya povu lake katika kikombe cha bati, akajinyoa mwenyewe huku watoto wakimtazama. Burashi ile baba alimwachia yeye. Naye aliitumia kila Jumapili kabla ya kwenda kuongoza ibada pale padri alipokuwa mbali. Iliungua na nyumba.

“Mmeniletea wembe mpya,” alisema. “Asanteni. Mmeniletea maji ya moto, sabuni, taulo. Mwaka mzima hamjaniletea kioo.”

Tulitazamana. Katika mifuko yetu kulikuwa na simu sita ambazo tulijitazama ndani yake kabla ya kupiga picha. Ni kweli kwamba hatukuwahi kuwaletea kioo.

Usiku ule tulisoma tena kitabu cha Mwanzo, sura ya 41. Farao ameota ndoto, na mtumwa mmoja amefungwa gerezani kwa kosa asilolifanya. Anaitwa kwa haraka. Ikulu nzima inangoja, mfalme amefadhaika, na mwandishi wa Maandiko anapata nafasi ya kutueleza kwamba Yosefu alinyoa kwanza, akabadili mavazi, ndipo akaingia mbele ya Farao. Tulikuwa tumelisoma fungu hilo tangu utoto tukiharakia ng'ombe wanono na ng'ombe waliokonda. Padri wetu, tulipomwuliza, alitabasamu akasema tusilifanye neno moja kuwa mahubiri ya saa nzima. Alituelekeza badala yake kwa Mtakatifu Martin de Porres, ambaye Kanisa humkumbuka tarehe 3 Novemba na ambaye vinyozi humwita msimamizi wao. Alizaliwa Lima, Peru, mwaka 1579, mama yake akiwa mwanamke mweusi aliyetoka utumwani. Alijifunza ukinyozi akiwa mvulana, wakati ambapo kinyozi alikuwa pia mtu wa kufunga vidonda na kung'oa meno, na ujuzi huo akaingia nao kwa Wadominiko. Wachoraji humwonyesha ameshika ufagio. Mmoja wetu alisema ufagio nao ni burashi, na kwa mara ya kwanza wiki ile tulicheka.

Kikao cha tatu kilikuwa kifupi. Picha ya dola arobaini haikutajwa tena.

Tulikwenda Soko Kuu watano, siku ya Jumatano, na tulikuwa tumefundishwa jinsi ya kuchagua. Bonyeza ncha kwenye kiganja: zisichome, wala zisilale chini kama nyasi zilizonyeshewa. Vuta kidogo: burashi mpya yaweza kuacha unywele mmoja au miwili, ikiacha fungu irudishe. Tazama gundi pale nywele zinapoingia mpinini, kwa maana hapo ndipo maji hujificha na kuoza. Chagua mpini unaoshikika na mkono unaotetemeka. Mwenye duka alistaajabu kuona vijana watano wakijisugua mashavu kwa burashi kavu mlangoni pake, na wapita njia wakasimama kutazama. Tulipata za nyuzi za kiwandani, mpini mnene wa plastiki, dola nne kila moja. Tulibishana mpaka dola tatu na nusu, kwa kuwa tulitaka kumi na mbili. Vioo vidogo vyenye kitundu cha kutundikia vilikuwa dola moja kila kimoja. Zilibaki dola nne, zikanunua sabuni.

Zile burashi hazikuwa nzuri kwa macho. Zilikuwa za rangi ya bluu na nyekundu, kama vitu vya watoto. Kwenye meza ya sherehe hatukuweka kitu, tukaeleza kwamba kazi yetu iko kambini.

Jumamosi iliyofuata muuguzi aliwafundisha wazee kuzitunza: isuuze mpaka maji yatoke safi, ikung'ute, itundike nywele zikielekea chini mahali penye hewa, usimwazime hata ndugu yako. Wengi wao walimsikiliza kwa subira ya watu walioanza kunyoa kabla yeye hajazaliwa. Chini ya turubai hakuna ukuta wala rafu, basi tulizungusha waya kwenye nguzo za miti na kutengeneza ndoana. Mzee wetu Mwislamu aliigeuza yake mara mbili, akauliza imetengenezwa kwa nini, tukamjibu. Akaitia mfukoni mwa kanzu.

Tungependa kuishia hapo, lakini hayo siyo yote. Mwezi mmoja baadaye wazee wawili walikuwa wameuza burashi zao, mmoja pamoja na kioo, kwa ajili ya unga. Mtunza sanduku wetu hakusema lolote, ingawa angekuwa na haki. Baadhi yetu tulikasirika na kusema wasipewe nyingine. Wengine walisema kitu ulichompa mtu ni chake, hata kukiuza. Suala hilo tumelileta mbele ya kikundi mara mbili na halijaamuliwa. Wazee hao wawili sasa hunyolewa na sisi tena, kwa burashi mbili tulizoongeza ambazo kila moja ina alama ya mwenyewe na hukaa kwetu. Nao hufumba macho na kuinua kidevu.

Tena idadi yetu imepungua. Zamani tulikuwa kumi na wanne kila Jumamosi ya utume, sasa hatuzidi wanane. Wenzetu walioacha wanasema hakuna tena kazi ya kufanya kule. Twawaelewa. Ni vigumu kuamka alfajiri, kubeba termosi za maji kilomita tatu, kisha kuketi na kumtazama mtu akijinyoa. Mtu anayenyoa ana cha kushika mkononi. Anayetazama hana, na lazima aanze kuzungumza, au kusikiliza.

Vipele vimekauka shingoni mwa wote watatu, na huyo katekista ni mmoja wao. Mikono yake hutetemeka kuliko alivyokubali kutuambia, na mara ya kwanza alijikata chini ya sikio. Kijana aliyekuwa karibu aliinuka ili amsaidie kwa wembe, mzee akamzuia kwa kiganja. Akachovya burashi tena, akaizungusha kwenye kikombe cha plastiki polepole mpaka povu likapanda ukingoni, akajipaka upande wa pili. Kisha akatungua kioo kutoka kwenye waya na kumkabidhi yule kijana.

“Nishikie,” alisema. “Kushoto kidogo. Kidogo tena.”